Nilidanganya najua kuogelea: Siku yangu ya kwanza na kasia Ziwa Tanganyika

NIKUULIZE swali moja msomaji wangu, na usinijibu haraka haraka. Unajua kuogelea? Sisemi kuoga. Sisemi kuchezea maji ya magotini pale mtoni huku umeshikilia jiwe. Nasema kuogelea kweli, mahali ambapo mguu ukishuka haukuti kitu.

Kama jibu lako ni "ndiyo", hongera zako. Kama ni "hapana", karibu chamani, tupo wengi. Lakini kama umejibu "aah, kidogo kidogo", basi wewe ndiye ninayekutafuta leo. Kaa vizuri tuongee, maana hiyo "kidogo kidogo" nusura inizike mimi, na nusura nimzike nayo mtoto wa watu.

MTOTO WA MILIMANI

Mimi kwetu ni Munanila, kule juu kwenye milima inayopakana na Burundi. Zamani tulikuwa tunahesabiwa Kasulu, lakini tangu mwaka 2012 tuna wilaya yetu wenyewe, Buhigwe. Ni nchi ya migomba, maharage, kahawa na ukungu wa asubuhi. Unaamka unasalimiwa "Mwakeye!" na unajibu huku meno yanagongana kwa baridi.

Kwetu sisi maji ni kitu cha kuchota, kupikia na kufulia, basi. Mito yetu ni ya kuvuka kwa kuruka mawe. Dagaa wa Kigoma tumewala tangu tulipoota meno, na migebuka ikipanda gulioni siku hiyo nyumba inanukia hadi kwa jirani. Lakini lile ziwa lenyewe wanakotoka hao samaki, wengi wetu tunaliona kwa mara ya kwanza tukiwa na ndevu, tena kwenye dirisha la gari, wakati tunashuka kupitia Kalinzi na Mwandiga kwenda mjini kutafuta maisha.

Mama yangu alikuwa na neno lake moja: "Ziwa halina ndugu, mwanangu." Alilisema kila mtu wa kijijini alipoaga kwamba anakwenda ziwani kutafuta vibarua vya uvuvi. Nilikua nikijua kwamba maji mengi ni kitu cha kutazama kwa mbali, kama vile mzinga wa nyuki.

Sasa basi, nikiwa nimeshahamia Kigoma mjini, akaja binamu yangu, mtoto wa shangazi, kutoka Dar es Salaam. Alikuja likizo kwa treni, akashuka mwisho wa reli na begi lake la mgongoni. Sista duu kwelikweli, lakini si wa kuringa. Siku ya pili tu akaniambia: "Binamu, nimesikia huku kuna watu wanawafundisha wageni kupiga kasia kwenye kayaki, wanawazungusha pwani asubuhi. Twende bwana, tusizeeke tumekaa kwenye kochi."

Nikasema twende. Ningesemaje? Mimi ndiye mwenyeji.

Akaniuliza: "Unajua kuogelea lakini?"

Nikamjibu: "Aah, kidogo kidogo."

"Basi tutapanda wote chombo kimoja," akasema, "maana mimi sijui kabisa. Utaniokoa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ukweli. Sikusema. Si unajua tena mambo ya ujana.

HIYO KAYAKI NI KITU GANI?

Kwa ambaye hajawahi kuiona, kayaki ni mtumbwi mwembamba wa kukalia mtu mmoja au wawili. Siku hizi nyingi ni za plastiki ngumu, zina rangi za kuwaka kama peremende. Anayepiga kasia hukaa chini kabisa, miguu mbele, na uso unatazama anakokwenda. Kasia lake lina vichwa viwili, kimoja kila upande, kwa hiyo halihamishwi kutoka mkono huu kwenda huu kama lile la wavuvi wetu.

Walioianzisha si watu wa hoteli za kitalii. Ni Wainuiti, watu wa kule kaskazini kabisa mwa dunia, Greenland na Canada, ambako bahari inaganda kuwa barafu. Wao waliunda fremu za mbao au mifupa, wakazivika ngozi za sili, wakawa wanawinda nazo baharini. Kwa hiyo kabla haijawa starehe, kilikuwa ni chombo cha kazi, kama mtumbwi wa pale Katonga ulivyo chombo cha kazi.

Aina ni mbili kuu. Kuna ile unayoingia ndani, miguu inajificha chini ya sitaha. Hiyo ikikupindukia na hujui taratibu zake, ni kasheshe. Na kuna ile unayokaa juu yake, iko wazi kama sinia. Hiyo haijai maji kwa sababu ina vitundu vya kuyatoa, na ikipinduka unadondoka tu pembeni, huna mahali pa kunasa. Ukiwa mgeni wa mambo haya, omba hii ya pili. Ndiyo waliyotupa sisi.

ZIWA LENYEWE

Wapo wanaodhani Tanganyika ni bwawa kubwa tu. Kwa taarifa yako, kina chake kinafika kama mita 1,470. Chukua Mlima Kilimanjaro, ukate vipande vinne vilivyo sawa, kipande kimoja ndicho kitakachozama humo ndani karibu mpaka ncha. Duniani kote ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Urefu wake ni karibu kilomita 670, na linagusa nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Siku hewa ikiwa safi, ukisimama Kigoma unaiona milima ya Kongo ng'ambo imekaa kama wingu la bluu.

Takwimu hizo niliambiwa na mwongozaji wetu, na zilinikausha koo. Lakini mwenyewe akacheka akasema maneno ambayo sitayasahau: "Mtu huzama kwenye mita mbili tu. Hizo 1,468 zinazobaki ni za kutishia wageni." Maana yake ni kwamba usiogope kina, ogopa kutojiandaa. Na mgeni hapelekwi katikati ya ziwa. Safari ya mwanafunzi hufuata mwambao, kwa umbali ambao unaweza kumwita mtu aliyesimama nchi kavu na akakusikia.

SAA MOJA ASUBUHI

Tulikutana saa moja asubuhi kwenye ufukwe mdogo wa mchanga, upande wa Katonga, kusini-magharibi ya mji. Niliuliza kwa nini mapema hivyo, nikaelezwa. Asubuhi ziwa bado limelala, maji yanakuwa kama kioo. Jua likishapanda upepo nao unaamka, mawimbi yanaanza kukatika. Hasa miezi ya kiangazi, Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini-mashariki ukiamua kazi yake hata wavuvi wazoefu wanauheshimu. Kwa hiyo mwongozaji anayekuambia mwondoke saa saba mchana, muulize maswali mengi.

Tulikuwa vijana wanane, kayaki nne za watu wawili wawili. Waongozaji wawili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, kila mmoja na kayaki yake. Mkubwa wao alikuwa kaka wa makamo, mtoto wa mvuvi, mabega mapana, sauti ya chini. Hakuanza na habari za kasia. Alianza na swali.

"Nani hapa hajui kuogelea? Anyooshe mkono."

Binamu yangu akanyoosha, tena bila wasiwasi. Mwingine mmoja akanyoosha. Mimi mkono wangu ukawa mzito kama gunia la mahindi. Palikuwa na wasichana, palikuwa na washikaji wa mjini waliovaa miwani ya jua. Nani atake kuonekana mshamba?

Yule kaka akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. "Na wewe, kaka?"

"Kidogo kidogo," nikasema.

"Kidogo kidogo unafika wapi?"

Watu wakacheka. Nikajikaza, nikajibu: "Nafika."

Hakubishana na mimi. Alinisogelea tu, akanikaza mikanda ya jaketi la kuokolea maisha, akashika mabega ya lile jaketi akalivuta juu kwa nguvu. "Likifika masikioni ni kubwa kwako," akasema. "Lisipopanda, ndilo lako." Jaribu hilo na wewe siku yako ikifika. Jaketi linalokupanda mpaka kwenye masikio ukiwa nchi kavu, majini litakuponyoka.

DARASA LA MCHANGANI

Somo lilifanyika palepale mchangani, kayaki zikiwa hazijagusa maji. Ilikuwa dakika kama ishirini na tano, na nakumegea yale ya muhimu.

Kukaa: mgongo wima, magoti yamekunjwa kidogo, nyayo zimekanyaga pale penye vishikizo vya miguu. Ukilegea kama uko kwenye kochi, kiuno kitakulilia jioni.

Kushika kasia: liweke juu ya kichwa, viwiko vipinde kama kona ya meza. Mikono ilipo hapo ndipo pake. Usiling'ang'anie, malengelenge yatakuumbua.

Kupiga: chovya kasia karibu na vidole vya miguu, vuta mpaka usawa wa nyonga, toa. Halafu upande wa pili. Nguvu isitoke kwenye mikono, itoke kwenye kiuno, yaani kifua kinazunguka kidogo kushoto, kidogo kulia. Kaka yetu alisema anayetumia mikono peke yake huchoka kabla ya chai, anayetumia kiuno hurudi akiimba.

Kugeuka: ukitaka kwenda kushoto, piga kulia kwa duara kubwa, kasia lifagie mbali na chombo. Kusimama: chovya kwa nyuma, pole pole, upande huu na huu.

Wawili mkiwa kwenye chombo kimoja, wa mbele ndiye mpiga ngoma, anaweka mwendo. Wa nyuma anafuata mwendo huo na ndiye anayeshika usukani. Mwenye uzito mkubwa akae nyuma.

Filimbi: mlio mmoja, tazama kwa mwongozaji. Milio mitatu, kuna mtu ana shida.

Mwisho likaja somo la kupinduka. "Mkipinduka," akasema, "jaketi litawatoa juu lenyewe. Kazi yenu ni tatu tu. Vuta pumzi. Shika mtumbwi. Subiri. Mtu asimshike mwenzake." Akarudia mara mbili: "Mtu asimshike mwenzake."

Mimi nilikuwa natazama ndege.

RAHA YAKE

Sasa nisije nikakutisha bure. Ngoja nikueleze raha yake, maana ni ya kweli.

Kwanza ni ule ukimya. Hakuna injini, hakuna honi. Unasikia kasia likinong'ona na maji, na unasikia pumzi yako mwenyewe. Halafu ni yale maji. Tanganyika ni safi jamani! Tulikuwa tunaona mawe chini, na samaki wadogo wa milia na wa bluu wanapishana kama watoto wanaotoka shule. Kwenye ziwa hili kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii hiyo ya sato, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Wazungu wanawafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Sisi tulikuwa tunapita juu yao bila kulipia kioo.

Tulipishana na wavuvi waliokuwa wanarudi kutoka kwenye kazi ya usiku, taa zao zimezimwa, macho mekundu, dagaa wamejaa. Mmoja mtu mzima akatucheka: "Wanangu, mnapiga kasia na hamvui chochote?" Kiongozi wetu akamjibu kwa heshima: "Shikamoo mzee, hawa leo wanavua upepo." Mzee akaitikia marahaba, akatupungia.

Mimi na binamu dakika za kwanza tuligombana kama mume na mke waliopotea njia. "Kushoto!" "Nimepiga kushoto!" "Siyo huko, kushoto kwangu!" "Kushoto kwako si ndiyo kushoto kwangu?" Kasia zikawa zinagongana. Halafu ghafla, sijui saa ngapi, zikapatana. Moja, mbili, moja, mbili. Kayaki ikaanza kuteleza. Binamu akageuka nusu akanicheka, na mimi nikajiona ni mwana wa ziwa tangu tumboni.

Kiongozi akatuonyesha kwa kasia upande wa kusini, kuliko Ujiji. Pale ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, hiyo kila mtu kaisoma shuleni. Kitu ambacho hatukukisoma sana ni kilichofuata. Mwaka huohuo wazee wale wawili walipanda mtumbwi Ujiji, wakafuata mwambao huu kwenda kaskazini mpaka unapoishia Mto Ruzizi, kutazama kama maji yake yanatoka ziwani au yanaingia. Wakakuta yanaingia. Burton na Speke nao walifika Ujiji mwaka 1858, na wao wakapelekwa kaskazini kwa mitumbwi. Vitabu vimeandika majina ya waliokaa. Waliopiga kasia walikuwa watu wa huku, waliolijua ziwa hili jiwe kwa jiwe, wakawaongoza wageni wakarudi salama. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba kuongozwa kwenye ziwa ni mambo ya kizungu, mwambie wazungu ndio walioongozwa.

KASHESHE

Tulikuwa tumeshageuza, tunarudi. Ufukwe tunauona. Kayaki yetu ilikuwa ya mwisho, maana sisi tuliwekwa nyuma. Mwongozaji wa nyuma alikuwa amesogea kumsaidia yule mwingine aliyenyoosha mkono, ambaye mabega yalikuwa yamemgomea.

Ikapita boti ya injini mbali kidogo, ikaenda zake. Sikuitilia maanani. Nilidhani imeshapita. Lakini boti ikipita huacha mawimbi nyuma yake, na mawimbi yale hutembea. Yakaja yakatukuta ubavuni.

Nimeshaelezwa baadaye jinsi ya kufanya: geuza pua ya chombo ikutane na wimbi, endelea kupiga kasia, kiuno kiwe laini. Mimi nilifanya kinyume cha vyote. Nikaacha kupiga, nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikaegemea upande. Nikasikia binamu anaita jina langu. Halafu nikasikia maji.

Msomaji wangu, wee acha tu. Jaketi lilinitoa juu kama walivyosema, sikukaa chini hata sekunde tatu. Lakini kichwa changu kilikuwa bado kiko chini. Niliuona mgongo wa binamu yangu mbele yangu, na kitu cha kwanza mikono yangu ilichofanya, bila kuniuliza, ni kumkamata shingoni.

Mimi ni mzito kuliko yeye. Yeye hajui kuogelea na alikuwa amesema hivyo mbele ya watu. Yeye alikuwa ameshavuta pumzi, ameshashika mtumbwi, anasubiri, kama alivyofundishwa. Mimi niliyekuwa mwokoaji wake ndiye niliyemzamisha uso kwenye maji.

"ACHA MTU! SHIKA MTUMBWI!"

Ilikuwa ile sauti ya chini, lakini sasa ilikuwa kama radi. "Acha mtu! Shika mtumbwi!" Mara ya pili nikaisikia kweli. Nikaachia. Nikakuta mkono wangu umegusa plastiki. Nikaishika kama vile ni mlango wa nyumba yetu Munanila.

Basi, mengine yalikwenda haraka. Waongozaji wakaja wote wawili, wakaigeuza kayaki kwa mkono mmoja, wakaishikilia pembeni. Binamu akapiga miguu nyuma kama chura, akajivuta tumbo likalala juu ya chombo, akajigeuza, akakaa. Alikaa vizuri mara ya kwanza. Mimi nilijaribu mara tatu. Kutoka kupinduka mpaka wote tumekaa haikuzidi dakika tano. Kwangu zilikuwa kama mwaka wa masomo.

"NINGEKUWEKA KARIBU"

Ufukweni binamu alikaa kwenye mchanga, amejifunga khanga, anakohoa. Nikamwendea. Nikamwambia: "Binamu, mimi sijui kuogelea. Hata hiyo kidogo kidogo, sijui."

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Mimi nilipanda na wewe kwa sababu ulisema unajua." Ni hayo tu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kiongozi wetu akaja akachuchumaa mbele yangu. Nilitegemea matusi, sikupata. Akasema: "Kaka, lile swali la asubuhi siyo mtihani. Hakuna anayefeli. Nikijua hujui, nakuweka karibu yangu, nakupanga na mtu mzoefu, natazama mgongo wako muda wote. Ukisema unajua, nakuweka mbali, macho yangu nayapeleka kwa mwingine. Mimi leo niliwapanga watu kwa maneno yao. Neno lako lilikuwa la uongo, ndiyo maana nilikuwa mbali."

Hiyo ndiyo habari yangu yote ya leo, hata ukiishia hapa. Mtu asiyejua kuogelea anaweza kabisa kwenda kupiga kasia akarudi amefurahi. Binamu yangu hakujua, na yeye ndiye aliyefanya kila kitu sawasawa. Uongo wangu ndio ulionifanya niwe hatari kwangu na kwa mwenzangu.

Na tusijidanganye kwamba ufukwe ukiwa karibu basi umepona. Nchi hii imeshalia. Tarehe 21 Mei 1996 Mv Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, mamia wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 Mv Nyerere ilipinduka mita chache tu kabla ya gati la Ukara, watu zaidi ya 200 wakafa huku waliowasubiri wanatazama. Hizo zilikuwa meli na vivuko, siyo michezo ya vijana, na zilikuwa na makosa yake makubwa. Lakini somo moja ni lilelile: maji hayaangalii umebakiza hatua ngapi.

UKITAKA KWENDA, SIKIA HAYA

Jaketi la kuokolea maisha ni lazima, na livaliwe, lisifungwe kwenye chombo kama mzigo. Anayekuambia "leo maji yametulia, si lazima," mwage palepale na fedha yako ukaile chipsi.

Uliza waongozaji wako wangapi kwa watu wangapi, na kama wana filimbi na kamba ya kuvutia. Uliza pia mnaenda mpaka wapi na mtarudi saa ngapi, kisha umwachie habari hiyo mtu aliye nchi kavu. Bei patana kabla, kwa mtu na kwa muda, ili raha isiishie kwenye ugomvi.

Nguo ziwe nyepesi. Suruali ya jinzi ikilowa ni nanga. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Jipake mafuta ya kuzuia jua hata kama wewe ni mweusi kama mimi, maana jua la ziwani linapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka kwenye maji. Beba maji ya kunywa. Simu ama iache, ama iingie kwenye mfuko usiopitisha maji na ifungwe kwenye chombo.

Kichocho kipo kwenye ziwa hili, hasa kandokando ya makazi na kwenye majani ambako konokono wanakaa. Chagua fukwe za mawe au mchanga msafi, jikaushe ukitoka, na usione aibu kwenda kupima. Mamba na viboko nao wapo sehemu nyingine za ziwa. Usibuni mwenyewe, waulize wavuvi wa mahali hapo, wao hawana brosha lakini wanajua.

Na jambo la mwisho: kabla ya safari, omba mkupindue kwa makusudi kwenye maji ya kifuani. Mara moja inatosha. Mwili ukishajua kwamba jaketi linakurudisha juu, hautamkaba mtu shingo.

WALIO MBALI NA KIGOMA

Najua wasomaji wengine mko Arusha, Dar, Mombasa, mnasema huyu anatunyanyasa na ziwa lake. Msijali. Arusha mna Ziwa Duluti, dogo, limezungukwa na miti, wanapiga kasia pale. Ndani ya Hifadhi ya Arusha mitumbwi inazunguka kwenye Momella Ndogo, mbele ya macho ya nyati. Kenya, Mto wa Kilifi ni maji yaliyotulia, yanamfaa mwanafunzi. Jinja nako kuna kayaki, ila ile ya kwenye maporomoko ya Mto Nile mwachie mwenye digrii yake.

Na huku kwetu, ukishapata ujasiri, upo mwambao wa Gombe kaskazini ya mji, ambako Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alishuka kwenye boti Julai 1960 akaanza kuwafuatilia sokwe. Barabara ya gari haifiki, ni boti tu. Wewe panda boti, kasia subiri kwanza.

NA MIMI JE?

Mimi sasa naenda shule. Jumamosi asubuhi nashuka ufukweni, na walimu wangu ni watoto wa darasa la nne, watoto wa wavuvi, wananicheka mpaka wanakaa chini. Mmoja ananishika tumbo kwa viganja viwili, ananiambia: "Kaka, legea, maji yatakubeba." Wiki iliyopita nilitoka jiwe hadi jiwe bila kugusa chini. Ni kama hatua kumi na tano. Mama nimemsimulia kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Huyo mtoto wa shangazi yako ni mzima?" Nikamwambia ni mzima. Akasema, "Haya."

Binamu amesharudi Dar. Juzi kaniandikia kwamba Desemba anakuja tena na anataka tupande kayaki. Nikamwuliza: hata baada ya yale? Akajibu kwa swali: "Sasa hivi unafika wapi?"

Nikamwandikia ukweli: jiwe hadi jiwe.

Akasema inatosha, lakini safari hii anakaa na mwongozaji.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.